Nagai, Nagasaki na kivuli cha Mangungo

Mwishoni mwa Agosti 2025 shemeji yangu alinitumia ujumbe wa sauti huku akicheka: "Kaka, Wajapani wametupa mji. Viwanja tunagawana lini?" Alikuwa ameona habari ya mtandaoni iliyodai kwamba Japani imeikabidhi Tanzania mji wa Nagai. Siku chache kabla, wakati wa TICAD 9, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, mjini Yokohama, shirika la maendeleo la Japani, JICA, lilikuwa limeteua miji minne kuwa "Hometown" za nchi nne za Afrika: Imabari kwa Msumbiji, Kisarazu kwa Nigeria, Sanjo kwa Ghana, na Nagai, mji wa watu wapatao 25,000 katika mkoa wa Yamagata, kwa Tanzania. Ndani ya mpango huo hapakuwa na kiwanja wala viza. Ulikuwa mpango wa kutembeleana na kubadilishana ujuzi, na Nagai ilichaguliwa kwa sababu uhusiano wake na Tanzania ulianzia kwenye Olimpiki ya Tokyo. Lakini habari iliporudi Japani ikiwa na sura ya "mji umetolewa", simu na barua pepe za hasira zilifurika kwenye ofisi za miji hiyo, na tarehe 25 Septemba JICA ikaufuta mpango wote.

Kwetu yamesemwa mambo mawili. Wapo wanaosema Wajapani ni wabaguzi, wanataka tununue magari yao lakini hawataki kutuona mitaani kwao. Wapo wanaosema aibu ni yetu, tumeshindwa kusoma taarifa ya kurasa mbili. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanaliruka jambo lenyewe. Japani ilijifunza kwa gharama kubwa kumtofautisha mgeni wa biashara na mgeni wa ardhi, na mpaka huo ukiguswa, hata kwa neno lililotafsiriwa vibaya, kelele inakuwa kubwa kuliko kosa. Anayetaka kuuona mpaka huo ulivyochorwa asome maisha ya Louis Kniffler, Mjerumani wa kwanza kufungua nyumba ya biashara nchini humo. Sidai kwamba aliyepiga simu Nagai kufoka alikuwa akiuwaza mwaka 1859. Wengi wao, nadhani, hata jina la Kniffler hawalijui. Ninachodai ni kwamba sisi, ambao kila mkataba wa bandari au wa mgodi ukijadiliwa tunamtaja Chifu Mangungo aliyewasainia Wajerumani nchi yake bila kujua, tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa hofu hiyo, hata kama tunaichukia namna ilivyotamkwa.

Kniffler alikuwa raia wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa kabla Ujerumani haijaungana, na kabla ya Japani alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya biashara ya Kijerumani huko Batavia, Jakarta ya leo, chini ya utawala wa Waholanzi. Huko ndiko aliponusa habari kwamba Japani inafunguliwa. Wamarekani walikuwa wamefika na manowari mwaka 1853, na mikataba ya 1858 na mataifa matano ilikuwa imetoa ruhusa ya biashara huru katika bandari chache kuanzia katikati ya 1859. Katika mataifa hayo matano Prussia haikuwamo. Miaka michache kabla yake Mjerumani mwingine, Lühdorf, alikuwa amejaribu bahati yake Shimoda na Hakodate, akakwama papo hapo: nchi yako haina mkataba, huna haki ya kufanya biashara. Kniffler akapita mlango wa nyuma. Tarehe 1 Julai 1859 alifungua L. Kniffler & Co. huko Nagasaki, kwenye kisiwa cha Dejima, chini ya ulinzi wa Waholanzi. Mbele ya sheria alikuwa Mjerumani ndani ya kanzu ya Kiholanzi. Wala hakuwa wa kwanza kuivaa kanzu hiyo. Daktari Siebold wa Würzburg alipofika Dejima mwaka 1823, wakalimani wa Kijapani walikishangaa Kiholanzi chake chenye lafudhi ya ajabu, akatetewa kwamba yeye ni Mholanzi wa milimani. Aliyeijua Uholanzi, nchi tambarare kama meza, angeangua kicheko.

Dejima ni mahali pa kupatazama vizuri, kwa sababu pana nusu ya hoja yangu. Kilikuwa kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono, chenye umbo la upepeo, eneo lake halifiki hata hekta mbili, kimeunganishwa na mji kwa daraja moja lenye walinzi. Kilijengwa mwaka 1636 kwa fedha za matajiri wa Nagasaki, ili Wareno wabanwe humo. Wareno walipofukuzwa, Waholanzi wakahamishiwa hapo mwaka 1641. Na Waholanzi walilipa kodi ya pango. Kampuni yao iliyoteka visiwa vizima vya viungo na kupiga mizinga miji ya watu, ilipofika Nagasaki ilikuwa mpangaji anayelipa fedha kila mwaka kwa wenye nyumba. Kwa zaidi ya miaka 200 mfanyabiashara wa Kizungu Japani alikuwa mtu wa namna hiyo: analala palipoonyeshwa, anauza kilichoruhusiwa, na mwenye daraja ndiye anayejua lini lifunguliwe. Kniffler alipopanga ghala lake la kwanza aliirithi hali hiyo, ingawa daraja sasa lilikuwa wazi. Mikataba mipya nayo haikumpa mgeni haki ya kumiliki ardhi. Alikodi kiwanja ndani ya eneo la wageni, na akitoka nje ya bandari hakuruhusiwa kuvuka ri kumi, yaani karibu kilomita 40.

Ndani ya ua huo alifanikiwa. Yeye na rafiki yake Gildemeister, kijana wa Bremen, walifungua tawi Yokohama, ambako hariri ilikuwa ikitoka kwa wingi. Wadudu wa hariri wa Ulaya walikuwa wakifa kwa ugonjwa, hivyo wafanyabiashara wa bandarini walinunua hata mayai ya nondo wa hariri, yaliyotagishwa kwenye vipande vya karatasi, wakayapakia melini kama mtu anavyopakia mbegu. Nta ya miti, chai na kafuri vilitoka. Vitambaa vya pamba na sufu viliingia, baadaye mashine. Katikati ya miaka ya 1860 Kniffler alirudi Ujerumani akawa anaiongoza kampuni kutoka Düsseldorf, na kazi ya Japani akaachiwa Gustav Reddelien na wenzake. Mwaka 1880 kampuni ikachukuliwa na Carl Illies, aliyeanza kazi humo akiwa kijana, ikawa C. Illies & Co., jina ambalo Hamburg linajulikana hadi leo. Kniffler alifariki mwaka 1888. Wanaomsifu huishia hapo: mtu mmoja mwenye ujasiri, ghala moja, milango ikafunguka.

Simulizi hiyo ni tamu ila ina pengo. Mlango haukufunguliwa na Kniffler wala na bidhaa zake, ulifunguliwa na mizinga ya wengine, naye akaingia nyuma yao. Tazama kilichotokea mwaka ule ule wa 1859. Japani sarafu ya dhahabu ilithaminiwa mara tano tu ya fedha, wakati kwingine ilikuwa kama mara kumi na tano. Mkataba ulimlazimisha Mjapani kumbadilishia mgeni fedha kwa uzito. Mgeni alikuja na dola nne za Meksiko, akapewa vipande kumi na mbili vya fedha viitwavyo ichibu. Kila vinne vikanunua koban moja ya dhahabu, akawa na koban tatu. Alizipeleka Shanghai na kurudi na takriban mara tatu ya mtaji wake, bila kufungua hata marobota ya kitambaa. Dhahabu ilivuja hadi serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ikabidi iibadili sarafu yake mwaka 1860, bei zikapanda, na walioumia ni samurai wa ngazi ya chini waliokuwa wakilipwa posho isiyopanda. Haishangazi kwamba panga zilianza kutembea.

Jeraha jingine lilikuwa la sheria. Balozi wa Prussia, Friedrich zu Eulenburg, alifika Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1860 akitaka mkataba kwa niaba ya Wajerumani wote. Alipoeleza kwamba Ujerumani ni falme na miji huru zaidi ya 30, wenyeji wake walishtuka, wakakubali kusaini na Prussia peke yake. Mazungumzo yalipita kwenye lugha ya tatu, Kiholanzi, na mtu aliyeibeba lugha hiyo alikuwa Henry Heusken, mzaliwa wa Amsterdam aliyekuwa mkalimani wa balozi wa Marekani, akaazimwa na Waprussia. Usiku wa katikati ya Januari 1861 Heusken alikuwa akirudi kwa farasi kutoka kwenye makazi ya Eulenburg, watu wenye taa mbele na nyuma yake. Samurai wakachomoza kutoka gizani, taa zikazimika, akakatwa tumboni, akafa akiwa na miaka 28. Hori Oribe, aliyeongoza mazungumzo upande wa Japani, alikuwa amekwisha kujiua wiki chache kabla. Tarehe 24 Januari mkataba ukasainiwa. Kniffler akateuliwa kuwa mwakilishi wa Prussia Nagasaki. Kwa kuwa mikataba hiyo ilimtoa mgeni mikononi mwa mahakama za Kijapani na kumweka chini ya konseli wa nchi yake, muuza vitambaa wa jana akawa ndiye mamlaka ya kuwaamua wauza vitambaa wenzake. Mjapani aliyedhulumiwa na Mjerumani alikwenda kushtaki kwa Mjerumani. Mwaka 1866 ukaongezwa msumari: ushuru wa forodha ukafungwa kwenye asilimia 5. Na mwaka 1879, kipindupindu kikiwa kinaua watu kwa makumi ya maelfu, meli ya Kijerumani Hesperia iliivunja karantini na kuingia Yokohama ikisindikizwa na manowari, eti kanuni za afya za Japani hazimhusu Mjerumani.

Kwa hiyo Japani haikuwa na sababu ya kumpenda mfanyabiashara wa Kijerumani. Ilimvumilia kwa sababu kitu kimoja hakukigusa, nacho ni udongo. Ukitaka kujua kingetokea nini angeugusa, panda kaskazini hadi Nanae, karibu na Hakodate. Huko Mjerumani mwingine, Reinhold Gärtner, ambaye ndugu yake alikuwa mfanyabiashara na konseli msaidizi wa Prussia Hakodate, aliutumia msukosuko wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni mwa 1869 aliingia mkataba na waasi waliokuwa wameishika Ezo, Hokkaido ya leo: tsubo milioni tatu, karibu hekta 1,000, kwa miaka 99. Alileta majembe ya kukokotwa na farasi na mbegu za Ulaya, tena kwa ustadi wa kweli. Waasi walishindwa mwezi Juni mwaka huo. Serikali mpya ya Meiji, iliyochukua nafasi ya shogun, ingeweza kusema mkataba wa muasi si mkataba, lakini nyuma ya Gärtner iliiona Prussia. Haikuwa ndoto tupu, kwani mwaka 1868 mwakilishi wa Prussia, Max von Brandt, alikuwa amekwisha kuiandikia Berlin kwamba watawala wa majimbo ya Aizu na Shonai, walioelemewa na vita, wako tayari kutoa ardhi yao ya Ezo. Hapo serikali maskini, yenye madeni kila kona, ilikaa mezani ikakubali kulipa ryo 62,500, fedha ya Japani ya wakati huo, kuinunua ardhi yake yenyewe. Mwisho wa 1870 Gärtner akaondoka. Alikuwa amehamisha kutoka mlima wa jirani miche ya mti uitwao buna, unaofanana na miti ya kwao, na kijisitu hicho kipo Nanae mpaka sasa, kinalindwa na kinaitwa kwa jina lake.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa kwa nini walilipa. Mwaka ule ule wa 1859 miji ya Kijerumani ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilisaini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa Unguja tangu 1849, ikisafirisha kauri zilizotumika kama fedha Afrika Magharibi, na Ruete, yule aliyemwoa Sayyida Salme, alikuwa mfanyabiashara wa aina hiyohiyo kutoka Hamburg. Hawa nao walikuwa wapangaji. Kisha mwaka 1884 akaja Carl Peters, ambaye hakuja na kitambaa cha kuuza bali karatasi za kusainiwa. Mangungo wa Msovero, Usagara, akaweka alama yake kwenye andiko la Kijerumani asilolisoma, lililosema ametoa nchi yake yote milele. Februari 1885 Berlin ikalipigia muhuri. Mwaka 1888, mwaka aliofariki Kniffler, Sultani Khalifa akakodisha pwani ya bara kwa kampuni ya Peters kwa miaka 50. Ilikuwa ni kukodisha tu, kwa maneno. Agosti bendera ikapandishwa Pangani, Abushiri akainua silaha, na kabla ya mwisho wa 1889 alikuwa amenyongwa.

Hapa yupo atakayesema: Japani ilikuwa na dola, jeshi na maandishi, kuilinganisha na Usagara ni kuonea. Hoja hii ina uzito na ninaikubali sehemu kubwa. Serikali yenye hazina ya kulipa ryo 62,500 si sawa na chifu mwenye kijiji. Lakini Zanzibar ilikuwa dola, yenye forodha, mikataba na mabalozi, na haikuokoka. Pia Uchina ilikuwa dola kubwa kuliko zote, na mwaka 1898 iliwakodishia Wajerumani Jiaozhou kwa miaka 99, ile ile ya Gärtner. Naona bahati ilihusika pia: Bismarck wa 1868 hakuwa Bismarck wa 1885, na kwa koloni la mbali alikuwa mzito. Bahati hiyo Japani iliitumia. Ilinunua hati ilipokuwa bado ya mkulima mmoja.

Wengine watasema, na hili ni zito zaidi, kwamba ninawatafutia udhuru wabaguzi. Mwezi mmoja kabla ya TICAD 9, chama cha Sanseito kilizoa viti 14 katika uchaguzi wa baraza la juu kwa kaulimbiu ya Wajapani kwanza. Waliofurika simu za Nagai hawakuwa wakilinda ardhi dhidi ya manowari ya mtu. Tanzania haina manowari ya kuipeleka Yamagata. Kweli. Hofu ya kihistoria ikitolewa mahali pake na kuelekezwa kwa mnyonge inageuka uonevu, na habari zilizosambazwa kuhusu Waafrika wiki zile zilikuwa uonevu. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kusema hofu ni halali na kusema ina asili. Kilichoiwasha ni neno "umetolewa", na neno hilo lilitoka kwetu na Nigeria.

Hoja ambayo haina miguu kabisa ni ile niliyoisoma mara nyingi zaidi: "Wajapani walijifungia miaka 200, ndiyo tabia yao." Hawakujifungia. Walifanya biashara na Waholanzi na Wachina Nagasaki, na Korea kupitia Tsushima, muda wote huo. Kilichofungwa ni uhuru wa mgeni kujiamulia. Na walipolazimishwa kufungua, hawakumfukuza Kniffler. Mwanzoni karibu biashara yote ya nje ya Japani ilipita mikononi mwa nyumba za biashara za kigeni. Mjapani alileta hariri ghalani, mgeni akaipima, akapanga bei, akaikataa soko la Ulaya likishuka. Dawa yao ilikuwa ya polepole. Mwaka 1876 ikaanzishwa Mitsui Bussan, kampuni iliyokusudiwa kufanya kile kile alichofanya Kniffler, ila ofisi zikiwa London na New York na Mjapani akiwa nyuma ya meza. Haki ya konseli kuhukumu ikaisha 1899, uhuru wa kupanga ushuru ukarudi wote 1911. Kuhusu ardhi walibishana hadi The Hague, ambako mwaka 1905 Ujerumani, Ufaransa na Uingereza ziliishinda Japani kuhusu kodi za majengo kwenye viwanja vya wageni vilivyokodishwa bila ukomo. Viwanja hivyo vichache vya bandarini viliendelea kuwasumbua mpaka 1942.

Nikilirudia suala la Nagai kwa macho hayo, naona makosa mawili yaliyoweza kuepukwa bila mtu yeyote kubadili tabia. Moja ni la JICA: ilichukua neno la Kiingereza, lugha ambayo si ya Nagai wala ya Dodoma, kama Edo ilivyotegemea Kiholanzi. Mjapani aliposikia "furusato", yaani nyumbani kwa asili, na Mtanzania aliposikia "mji wa kwenu", kila mmoja alisikia kitu chake. "Mji rafiki" ungetosha, nao usingemtisha mtu. La pili ni letu, nalo ni la mazoea: tukisikia mkutano na tajiri, sikio linatafuta tumepewa nini. Barabara zetu zimejaa magari yaliyotoka kwenye minada ya Japani, biashara ya miaka na miaka, lakini anayesimama mnadani, anayekagua chasisi, anayepanga nafasi melini na kuchukua faida ya upande ule, kwa kawaida si Mtanzania. Mpakistani alikwisha kuliona hilo zamani, akahamia, akapanga ua, akaanza kuuza.

Nilimpigia shemeji nikamweleza yote haya, pengine kwa urefu kuliko alivyotaka. Nikamwambia viwanja hakuna, ila Yokohama ghala za kupanga zipo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kodi yake ni yeni ngapi kwa mwezi, na kama nao wanataka ya miezi sita mbele kama Kariakoo.